Timu ni yetu, lakini mwenyewe ni nani?

Mnamo tarehe 22 Novemba, 2022, klabu ya Manchester United ya Uingereza ilitoa taarifa fupi kuhusu mustakabali wake, na kabla ya kucha habari zilikuwa zimeenea kutoka Manchester hadi Machakos kwamba jamaa ya Glazer, Wamarekani waliokuwa wameimiliki klabu hiyo tangu mwaka wa 2005, inauza timu. Mashabiki walipongezana kana kwamba wametwaa kombe. Siku hiyo hiyo ilitangazwa pia kwamba Cristiano Ronaldo anaihama klabu, na jambo hilo, ambalo wakati mwingine lingekuwa gumzo la mwezi mzima, likaonekana dogo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi ya mwalimu wa isimu ni kuyapima maneno kabla ya kuyameza. Taarifa ile haikusema kwamba timu inauzwa. Ilisema kwamba bodi ya wakurugenzi inaanza kutafakari njia mbalimbali za kuiendeleza klabu, zikiwamo kupata mtaji mpya, kuuza, au kuingia katika mapatano mengine. Yaani palikuwa na "huenda", nao mashabiki wakasikia "ndiyo". Kiswahili kina ngazi nyingi baina ya jambo lililopo na jambo linalowezekana: wanauza, watauza, huenda wakauza, wangeuza kama wangepata bei waitakayo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anazijua tofauti hizo. Lakini mtu aliyechoka kungoja huziruka ngazi zote, akasimama kwenye ile impendezayo.

"Huenda" hiyo iliishi kwa miezi 13. Katika muda huo wanunuzi wawili walijulikana wazi: Sheikh Jassim bin Hamad Al Thani wa Qatar, aliyetaka kuinunua klabu yote, na Jim Ratcliffe, tajiri wa viwanda vya kemikali aliyezaliwa karibu na Manchester. Kila wiki ilikuja na uvumi wake. Bei ya hisa katika Soko la Hisa la New York ilipanda kwa kasi uvumi ulipokuwa mtamu, na mwezi Septemba 2023, ilipovuma kwamba wenyewe wamebadili nia, ikaporomoka. Sheikh Jassim alijitoa mwezi Oktoba mwaka huo. Hatimaye, tarehe 24 Desemba, 2023, ikatangazwa kwamba Ratcliffe atanunua robo ya klabu kwa kiasi cha pauni bilioni 1.25 na kukabidhiwa usimamizi wa mambo ya mpira. Mauzo hayo yalikamilika mwezi Februari 2024. Jamaa ya Glazer ilitia mamia ya mamilioni mfukoni na ikabaki na kura nyingi. Waliokuwa wamedai mauzo kamili walipewa robo.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu linatufunza mengi kuhusu neno tunalolitumia kila siku bila ya kulichunguza: neno "yetu". Shabiki husema "timu yetu". Mmiliki husema "klabu yangu". Mahakama yoyote ikiulizwa ni nani kati yao asemaye kweli, itamtazama mwenye hati. Na hata hivyo sote tunajua kwamba shabiki naye hasemi uongo. Ni kweli ya namna gani basi aliyo nayo, na yaweza kumfaa nini?

Kwanza tukumbushane chanzo cha chuki hiyo, maana wapo wanaodhani kwamba mashabiki ni watu wa kulalamika tu timu ishindwapo. Klabu hii ilianzishwa mwaka wa 1878 na wafanyakazi wa reli wa mtaa wa Newton Heath, ikapewa jina lake la sasa mwaka wa 1902, na mwaka wa 1991 ikaingia katika Soko la Hisa la London. Malcolm Glazer, tajiri wa Florida aliyekuwa akimiliki timu ya mpira wa Kimarekani ya Tampa Bay Buccaneers, alianza kununua hisa kidogo kidogo mwaka wa 2003, na mwezi Mei 2005 akapata sehemu ya kutosha kuitwaa klabu nzima. Thamani ya ununuzi wote ilikuwa kiasi cha pauni milioni 790. Lililowachoma mashabiki ni kwamba zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa za mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo ikatwikwa klabu yenyewe. Klabu ambayo haikuwa na deni iliamka asubuhi moja ikiwa inadaiwa mamia ya mamilioni ya pauni, kwa kosa la kununuliwa. Ni kama mtu anunue ng'ombe wako kwa mkopo, kisha amwambie ng'ombe alipe deni kwa maziwa yake, na ndama asubiri.

Tangu hapo mamia ya mamilioni ya pauni yamelipwa kama riba na gharama za mkopo, na baadaye wenye hisa wakawa wakijigawia faida. Mwaka wa 2012 jamaa hiyo iliuza sehemu ya hisa katika soko la New York, lakini ikajiwekea hisa za daraja la pekee ambazo kila moja ina kura kumi. Aliyenunua hisa moja sokoni alipata kura moja. Kwa mpango huo waliweza kuuza bila ya kuachilia.

Sasa tazama tarehe. Chini ya akina Glazer timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na mwaka wa 2008 ikanyakua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Na ni katika kipindi hicho hicho cha neema, mwaka wa 2010, ambapo maelfu ya mashabiki walianza kuvaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za zamani za Newton Heath, badala ya nyekundu. David Beckham, aliyekuwa amerudi Old Trafford akiichezea AC Milan, aliokota skafu moja akaivaa shingoni mbele ya umati. Watu hao walikuwa wakishangilia mabingwa na huku wanawapinga wenye mali. Hivyo hoja kwamba upinzani wao ni kinyongo cha kushindwa haina mashiko. Walikuwa wameona ufa wakati ambapo paa lilikuwa bado halivuji.

Jambo la pili ni uhusiano baina ya shabiki na mteja. Wanauchumi hutuambia kwamba mfanyabiashara mbaya hurekebishwa na soko. Duka likiuza unga wenye wadudu, mteja huvuka barabara akanunua katika duka la pili. Shabiki havuki barabara. Mtu aliyelelewa akiipenda Manchester United hawezi kuamka siku moja akaipenda Liverpool kwa sababu tikiti ni nafuu au mkurugenzi ni mwungwana. Na wenye mali wanalijua hilo vyema kuliko mashabiki wenyewe. Benki haikopeshi fedha kwa klabu kwa sababu ya nyasi za uwanja. Hukopesha kwa sababu inajua kwamba Jumamosi ijayo, na ile itakayofuata, na mwaka kesho, na mwaka keshokutwa, watu wale wale watarudi, timu ishinde ishindwe. Uaminifu wao ndio rehani. Mapenzi yaliyowafanya waimbe dhidi ya wenye mali ndiyo yaliyowawezesha wenye mali kukopa. Sijui kama kuna msiba wa mapenzi ulio mkubwa kuliko huo nje ya tamthilia.

Nasi wa huku tumo. Mwaka wa 2012, hisa zilipokuwa zikinadiwa huko New York, wanunuzi walielezwa katika waraka rasmi kwamba klabu hiyo ina wafuasi milioni 659 duniani kote. Idadi hiyo ilitokana na uchunguzi ulioagizwa na klabu yenyewe. Hata tukiitilia shaka idadi, maana yake haina shaka: shabiki wa Kisumu, wa Dar es Salaam na wa Kampala alitiwa katika hesabu, akawekwa kwenye rafu kama bidhaa, akauzwa. Wanaotucheka tukisema "sisi" tunapoizungumzia timu ya Uingereza wafikiri tena. "Sisi" hiyo ilitiwa katika vitabu vya hesabu kabla ya sisi kuitetea.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Katika darasa langu huwa nawauliza wanafunzi kivumishi cha kumiliki ni kipi, nao hujibu upesi: -angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao. Kisha nawaandikia ubaoni: mama yangu, mwalimu wangu, kijiji chetu, adui yetu, kifo chake. Je, ninammiliki mama? Je, marehemu alikimiliki kifo? Darasa hucheka, na somo huwa limeanza. Vivumishi hivi tumeviita vya kumiliki kwa mazoea ya vitabu vya sarufi, lakini kazi yavyo ni pana zaidi. Huonyesha uhusiano wa kila aina, na umiliki ni mmojawapo tu. "Kijiji chetu" si kijiji tulichokinunua. Ni kijiji kilichotulea, ambacho kikiungua tutalia. "Timu yetu" ni ya kundi hilo.

Upande wa pili, tazama mzizi -enye. Mwenye duka ni mmiliki wake, lakini mwenye homa haimiliki homa, na mwenye deni angependa sana deni liwe la mtu mwingine. Kutokana na mzizi huo huo tunapata "mwenyeji", yaani mtu wa mahali, asiye mgeni, ambaye hata kama hana hatimiliki ya shamba ndiye atakayekuonyesha kisima kilipo. Na "mmiliki" limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia "milki", "malkia" na "mamlaka". Lugha basi inatuambia kwamba kumiliki ni jambo la kutawala, nako kuwa mwenyeji ni jambo la kukaa na kujua. Akina Glazer walikuwa wamiliki. Mashabiki ni wenyeji. Ugomvi uliodumu kwa zaidi ya miaka 18 ni ugomvi baina ya maneno haya mawili.

Wenyeji nao wana nguvu zao, hasa katika kutaja vitu. Mwaka wa 2011 Mike Ashley, mmiliki wa Newcastle United ambaye hakupendwa, aliubandika uwanja wa St James' Park jina la kampuni yake ya vifaa vya michezo. Mashabiki hawakulikubali jina hilo, na kabla ya mwaka kwisha vizuri, mdhamini mpya alilirejesha jina la kale ili apendwe. Mwaka wa 2012 mmiliki wa Cardiff City aliibadilisha jezi ya buluu kuwa nyekundu, na mwezi Januari 2015 buluu ikarudi. Hapa kwetu, serikali ilipoamuru klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards mwaka wa 1980, na Gor Mahia ikaitwa kwa muda Gulf Olympic Rangers, ambayo ukiifupisha inakupa Gor ile ile. Amri ilitiiwa kwenye karatasi. Majukwaani watu waliendelea kusema Gor Mahia, na jina la karatasi likafa kifo cha kawaida.

Lakini tusijidanganye. Nguvu ya kutaja si nguvu ya kuamua. Shabiki anaweza kukataa jina la uwanja. Hawezi kukataa mkopo. Ndiyo maana kila mmiliki mbaya anapodokeza kwamba huenda akauza, mashabiki humwona mnunuzi yeyote kuwa mkombozi. Na hapo ndipo mimi ninapotofautiana nao.

Wahenga walituachia maneno mawili yanayopingana. Walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha, wakimaanisha kwamba mbaya uliyemzoea ni afadhali kuliko mgeni. Walisema pia kwamba mtu anaweza kuruka majivu akakanyaga moto. Ukiyaweka pamoja utaona kwamba yote mawili yanatukumbusha kuuliza juu ya tunakokwenda, si juu ya tunakotoka peke yake.

Tuchukue Newcastle. Ashley aliimiliki klabu hiyo kuanzia mwaka wa 2007, akashuka nayo daraja mara mbili, akatangaza zaidi ya mara moja kwamba anauza na asiuze. Mwezi Oktoba 2021 hatimaye aliiuza kwa pauni milioni 305 kwa kundi lililoongozwa na hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia, iliyochukua asilimia 80. Maelfu walimiminika nje ya uwanja wakiimba, baadhi yao wakiwa wamejifunga vilemba vya mzaha, hata klabu ikalazimika kuwasihi waache. Ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mwandishi Jamal Khashoggi auawe katika ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, na mashirika ya haki za binadamu yalipaza sauti. Mwezi Machi 2025 timu ikatwaa Kombe la Ligi, taji lake la kwanza la nyumbani tangu mwaka wa 1955. Siwalaumu waliolia kwa furaha siku ile. Miaka 70 ni umri wa mtu. Ninalosema ni kwamba kilichobadilika ni ukarimu wa mmiliki. Mamlaka ya shabiki yalibaki pale pale yalipokuwa, yaani hayakuwapo. Mmiliki mkarimu akichoka au akiingiwa na jambo jingine, hakuna karatasi yoyote itakayomfunga.

Au tuirudie Manchester. Ratcliffe alipokelewa kama mtoto wa nyumbani, naye kweli ni shabiki tangu utotoni. Katika mwaka wake wa kwanza wafanyakazi wapatao 250 walipoteza kazi, na mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba huenda wengine hadi 200 wakafuata. Mwishoni mwa 2024 tikiti zilizosalia za msimu zilipandishwa hadi pauni 66, watoto na wazee wakitozwa bei ile ile. Msimu wa 2024/25 timu ilimaliza katika nafasi ya 15, mahali pabaya zaidi tangu iliposhushwa daraja mwaka wa 1974, na mwezi Machi 2025 mashabiki waliandamana tena, safari hii wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Huenda mambo yakatengenea baadaye. Mpira una kudra zake. Lakini aliyetarajia kwamba kubadilisha jina la mkuu ni kubadilisha utaratibu amekwisha kupata jibu.

Kwa hiyo swali la "nani atanunua" lina ndugu yake mkubwa ambaye mara nyingi tunamsahau: "kwa masharti gani?" Na masharti yanawezekana. Mwaka wa 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilitaka kuinunua Manchester United hii hii kwa pauni milioni 623. Mashabiki walipinga, tume ya serikali ikachunguza, na mwezi Aprili 1999 serikali ikaukataza ununuzi huo. Miaka sita baadaye mashabiki hao hao walipinga kwa hasira zaidi, wakashindwa. Hasira haikupungua. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya kwanza palikuwa na sheria ya kushikilia, kwa kuwa kampuni iliyokuwa ikirusha mechi haikufaa kumiliki timu kubwa kuliko zote, na mara ya pili sheria haikuwa na neno dhidi ya mtu anayenunua kwa deni.

Ujerumani, kwa upande wake, iliweka tangu mwaka wa 1998 kanuni kwamba mwekezaji anaweza kuingia, lakini wingi wa kura ubaki mikononi mwa wanachama wa klabu, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu. Huko Manchester, mashabiki walioshindwa kuvumilia waliunda klabu yao mwaka wa 2005, FC United of Manchester, ambapo kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au maskini. Inacheza katika madaraja ya chini, lakini mwaka wa 2015 ilifungua uwanja wake yenyewe. Uingereza nayo ilishtuka mwaka wa 2021, klabu zake sita kubwa zilipojiunga na mpango wa European Super League na mashabiki wakaukomesha kwa siku mbili. Wiki mbili baadaye wale wa Manchester waliuvamia uwanja wao wenyewe, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Kutokana na mtikisiko huo ilipatikana sheria ya kusimamia kandanda, iliyoidhinishwa mwezi Julai 2025. Inaunda msimamizi huru, inawapima wanaotaka kumiliki klabu, na inazitaka klabu ziwasikilize mashabiki kabla ya kugusa nembo na rangi za jezi. Ilichukua miaka 20 tangu mwaka wa 2005. Neno "yetu" limeanza kuingia katika vitabu vya sheria, japo kwa herufi ndogo.

Shabiki wa Kakamega asitarajie kura katika mambo hayo. Sheria ile haikutungwa kwa ajili yake. Anahesabiwa pale anapouzwa, na anasahauliwa pale panapopigwa kura. Hili halinifanyi nimwambie azime runinga, mapenzi hayaamrishwi. Linanifanya nimwombe ageuze macho kidogo, aitazame mali ambayo kweli ana haki nayo.

Gor Mahia iliyoundwa mwaka wa 1968, na AFC Leopards iliyoanza mwaka wa 1964, ni klabu za jumuiya. Hakuna Glazer anayezimiliki. Kwa sheria na kwa ada zao, wanachama ndio wenyewe. Yale ambayo mashabiki wa Manchester wameyaandamania kwa miaka 20, sisi tulizaliwa nayo. Na tumeyafanyia nini? Gor ilinyakua Kombe la Nelson Mandela barani Afrika mwaka wa 1987, na tangu wakati huo tumekuwa tukiisimulia siku hiyo kama hekaya za mababu. Mwaka wa 2019, kampuni ya kamari iliyokuwa ikizidhamini klabu zetu kubwa ilipojiondoa baada ya mzozo wake na serikali kuhusu leseni, wachezaji walibaki bila mishahara. Klabu zenye mamilioni ya mashabiki ziligundua kwamba hazina hata ada ya kutosha ya wanachama. Tulikuwa na wapenzi wengi na wanachama wachache. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari la wanachama liko wapi, limesomwa na nani, na wewe msomaji unayejiita mwana-Gor au mwana-Ingwe tangu utotoni, jina lako limo?

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kuwapata matajiri wazinunue klabu zetu, kwa kuwa jumuiya imeshindwa. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Mchezaji hali nyimbo. Lakini si lazima tuchague baina ya umaskini wetu na utajiri wa mtu mmoja. Majirani zetu wa Tanzania walijaribu njia ya kati. Wanachama wa Simba walikubali mwezi Desemba 2017 kumpokea mwekezaji kwa asilimia 49, na asilimia 51 ikabaki yao. Mpango huo umekuwa na ugomvi wake, na wenyewe watautolea hukumu. Ninachokipenda ni kwamba mazungumzo yao yalianza na masharti. Mwekezaji alikuta mlango wenye bawabu.

Kwenu walimu wenzangu, hili ni somo zuri la uraia kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Wapeni wanafunzi mjadala juu ya tofauti baina ya mteja, shabiki, mwanachama na mmiliki, na mtaona jinsi fikra zao zitakavyotoka uwanjani na kufika kwenye chama cha ushirika, kwenye kiwanda cha sukari, hata kwenye shule yenyewe wanayoiita "yetu". Nanyi wanafunzi, mtakaposikia tena kwamba tajiri fulani wa timu muipendayo huenda akauza, msikimbilie kupiga vigelegele. Ulizeni mambo matatu: fedha za kununulia ni za nani, deni litabebwa na nani, na aliyeiita timu hiyo "yetu" miaka yote atapata sauti gani. Mkijibiwa yote matatu kwa maandishi, shangilieni. Mkijibiwa kwa "huenda", rudini mkaketi, maana hakuna kilichouzwa ila matumaini yenu.